Mashua Iliyochoka Kungoja

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mutanu aliinama pembeni mwa mashua kuosha sufuria ya uji, akakuta maji ya bahari yana joto. Sydney ilikuwa na baridi ya nyuzi nane. Watu waliokuwa wakikimbia ufukweni walivaa glavu, na mvuke ulitoka vinywani mwao. Mutanu alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo kidogo kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto, kisha akamwita mumewe.

"Baba Ineza, kuja ushike hii maji."

Lazare alitoka chumbani na kikombe cha chai. Alipiga goti, akashika maji, akajifuta kwenye suruali.

"Iko ya moto," alisema.

"Si ndiyo nasema."

Upande wa kushoto wa mashua, ghuba ya Blackwattle ilikuwa kama siku zote: gati ya mbao, majengo ya fleti, na daraja lenye malori yanayoelekea magharibi. Upande wa kulia palikuwa na kisiwa. Kilikuwa na vilima vya kijani, nyumba zenye mapaa mekundu, kanisa lenye mnara mfupi, na mwanamume aliyekuwa akimvuta mbuzi asiyetaka kwenda. Lazare aliingia ndani, akaleta ramani ya bahari, akailinganisha na vilima.

"Ni Grenada," alisema. "Tumefika."

"Basi vizuri. Mimi nachelewa treni."

Mutanu alishuka kwenye kimashua cha mpira, akapiga makasia mpaka gatini, akaenda kazini Auburn.

Walikuwa wameishi kwenye mashua hiyo miaka saba. Mutanu, Mkamba wa Machakos, alikuwa nesi katika nyumba ya kutunzia wazee. Lazare, Mrundi, alijifunza ushonaji katika kambi ya wakimbizi Tanzania, alikokaa miaka kumi na miwili akishona sare za shule, na Sydney alipata kazi katika karakana ya kushona matanga. Walikutana kanisani Blacktown, na kwa kuwa yeye hakujua Kikamba wala mkewe Kirundi, walioana kwa Kiswahili. Mtoto wao mmoja, Ineza, alikisikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza.

Mashua waliinunua kwa Cheryl, mjane aliyeleta tanga karakanani lishonwe, kisha akakataa kulichukua. Mumewe alikuwa amepanga kwa miaka thelathini kwenda visiwa vya Karibi. Alichora njia kwa penseli kutoka Grenada mpaka Antigua, akanunua makopo ya maharage, akafa. Cheryl aliwauzia Lazare na mkewe kwa bei ndogo na sharti moja, kwamba waende. Wao walitaka kwenda. Jioni nyingi walikaa sitahani wakisoma majina ya visiwa kwa sauti, Mutanu akiyatamka kwa Kiingereza na Lazare akimsahihisha kwa Kifaransa.

Walichokuwa wakingoja ni pasipoti ya Lazare. Alikuwa ameomba uraia miaka minane iliyopita. Alichelewa kuomba kwa sababu hakupenda kusumbua maofisa, na alipoomba iligundulika kuwa karatasi moja ya kambi ilisema amezaliwa mwaka mmoja na nyingine ikasema mwaka uliofuata. Hati yake ya kusafiria iliisha muda, na nyingine haikutolewa kwa kuwa faili lake lilikuwa kwenye meza nyingine. Kila mwaka ilikuja barua kumjulisha kuwa ombi lake lilikuwa likishughulikiwa.

"Mashua imechoka kungoja," Lazare alimwambia mkewe jioni hiyo ya Jumanne.

"Hata mimi ningechoka," alisema Mutanu, akamenya vitunguu.

Kesho yake Mutanu alimweleza Cheryl, ambaye siku hizi alikuwa mmoja wa wazee wake, chumba cha pili kutoka mwisho, na miguu yake haikufanya kazi tena. Cheryl alisikiliza huku akivishwa soksi za kubana.

"Juni si mwezi mzuri wa kwenda huko," alisema. "Vimbunga. Mume wangu asingeruhusu."

"Mashua haikutuuliza."

"Haikuwa na tabia ya kuuliza." Tangu siku hiyo, kila Mutanu alipoingia na dawa za asubuhi, Cheryl alimwuliza wamefika wapi, na akijibiwa Carriacou au Bequia alitaja mwamba wa kujihadhari nao, ingawa hakuwahi kufika kisiwa hata kimoja kati ya hivyo.

Mashua haikutia nanga mara moja tu na kutulia. Ilikaa kila kisiwa siku chache au wiki chache, na asubuhi moja upande wa kulia ukawa kisiwa kingine. Upande wa kushoto haukubadilika. Saa zilikuwa zile zile pande zote mbili, jambo ambalo Mutanu, kwa zamu alizokuwa akipangiwa, alilishukuru. Wote wawili waliendelea na kazi. Jumamosi waliogelea upande wa kulia wakiwa na fulana tu, na watu wa gatini waliokuwa wamejikunyata na kahawa waliwapungia mkono. Mutanu alikuwa amekaribia miaka hamsini na tano na hakuwahi kuelea chali. Lazare alimshika kiunoni mpaka alipoweza. Ilikuwa miezi mizuri kuliko yote waliyoishi pamoja, hasa kwa kuwa Ineza, aliyeolewa na kijana wa Kikalenjin aitwaye Kiprono na kukaa Blacktown, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Walipofika Saint Lucia, alikuja Shirleen. Alikuwa binti wa Kenya aliyefanya kazi ya ukaguzi wa bandari, na mama yake aliimba kwaya moja na Mutanu. Ilikuwa Jumamosi. Alifunga boti yake ya kazi ubavuni mwa mashua, akavua viatu kabla ya kupanda.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Aunty. Samahani sana. Mmekaa hapa zaidi ya siku ishirini na nane. Sheria inataka msogee."

"Tumesogea," alisema Lazare. "Juzi tulikuwa Saint Vincent."

Shirleen alitazama upande wa kulia. Milima miwili iliyochongoka ilikuwa imesimama moja kwa moja kutoka majini. Alitia kipimajoto baharini, akasoma, akauliza majina ya milima, akaandika yote kwenye fomu. Mutanu alimpa chai na mkate wa ndizi.

"Basi hamjavunja kitu," alisema Shirleen. "Nitaandika mmesogea."

Aliandika hivyo, na kwa nia njema kabisa. Fomu yake ikapita ofisi moja, ikapelekwa nyingine, na baada ya siku tisa barua ikafika. Ilisema kuwa mashua, kwa taarifa iliyothibitishwa na mkaguzi, ilikuwa nje ya nchi. Kila anayetoka mashuani na kukanyaga gati alikuwa anaingia Australia, na aonyeshe pasipoti. Mafundi walikuja wakachora mstari wa manjano kwenye ubao wa mwisho wa gati, wakasimika nguzo yenye kamera na mashine ya kusoma pasipoti. Mutanu, aliyekuwa raia, alibandika pasipoti yake kwenye mashine, taa ikawaka kijani, akapita kwenda kushika treni.

Siku barua ilipofika Lazare alikuwa mashuani, ana mafua. Kwa hiyo alibaki mashuani.

Shirleen alirudi mwenyewe kumweleza. Safari hii hakunywa chai.

"Pole, Mzee. Ni mimi niliandika."

"Uliandika kweli," alisema Lazare. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Wanasema ukitaka kurudi uombe kibali cha kuingia. Lakini kibali kinataka pasipoti, na pasipoti inataka faili lako liishe kwanza."

"Na nikipita tu? Ni mita thelathini."

"Ukipita bila ruhusa, ombi lako linafutwa. Unaanza upya." Shirleen alitazama miguu yake mitupu. "Mzee, usipite. Tafadhali."

Mutanu, aliyekuwa akiosha vyombo, aliweka sahani chini kwa nguvu hadi ikapasuka. "Mtu amelipa kodi miaka ishirini na nne! Amezika watu hapa, ameoza binti hapa! Ati yuko nje? Nje gani? Si namwona nikiwa kwa gati?"

"Mama Ineza," alisema Lazare. "Mtoto wa watu hana kosa."

Bosi wa karakana hakutaka kumpoteza, akawa anampelekea matanga kupitia kwa Mutanu, na Lazare akayashona sitahani kwa mkono. Aliwashonea pia watu wa visiwani. Walikuja na mitumbwi yao wakiwa na suruali za kupunguzwa na mapazia ya kanisa. Aliyekuja zaidi ni Ma Titine wa Dominica, mama mnene mwenye kofia ya ukili, aliyeuza kungumanga na ndizi. Walizungumza Kifaransa, kila mmoja cha kwao, na pale maneno yao yalipoachana walionyeshana kwa mikono. Kwa kuwa hakuwa na hati za kushuka visiwani pia, Lazare alipandisha mlingotini bendera ya manjano, ambayo mabaharia hupandisha wakiwa hawajapokelewa na maofisa wa bandari. Kwa kawaida hukaa saa chache. Yake ilikaa mpaka ikachuja ikawa rangi ya maziwa, akashona nyingine.

"Shuka kwetu," Ma Titine alimwambia siku moja. "Nina chumba. Hakuna atakayekuuliza kitu. Mkeo atakuja."

Lazare alifikiri juu ya hilo siku mbili nzima. Alimweleza Mutanu wakiwa mezani.

"Na wewe unataka?" Mutanu aliuliza.

"Kambini tulikatazwa kupita kilomita nne. Kulikuwa na jiwe limepakwa rangi nyeupe. Wenzangu walipita kutafuta kuni, kutafuta kazi. Mimi sikupita hata siku moja, miaka kumi na miwili. Nilisema, siku moja wataangalia kwa kitabu waone huyu mtu hakupita."

"Waliangalia?"

"Bado." Alikata ndizi vipande. "Nikishuka kwa Ma Titine watasema ameondoka. Miaka nane itapotea. Na Ineza anakaribia kuzaa."

Ineza alizaa Blacktown, Jumatano moja ya Agosti, jioni. Mutanu alikuwa naye. Lazare aliona yote kwenye simu: paji la uso, ngumi, mdomo ulioachama. Kiprono alisema kwa desturi yao msichana anayezaliwa jioni, ng'ombe wanaporudi, huitwa Jerotich, na ingawa hapakuwa na ng'ombe wanaorudi Blacktown, jina likawa hilo. Lazare alitazama simu mpaka ikazimika. Asubuhi Mutanu aliporudi alimkuta ameshona tanga zima la mbele bila kula, na mishono yake yote ilikuwa imenyooka.

"Anafanana na nani?" alimwuliza.

"Na wewe. Ana masikio yako, maskini."

Lazare alishika masikio yake. Kisha akasema, "Nataka kumshika."

Jumapili ya pili baada ya hapo, walitoka kanisani wakaja moja kwa moja gatini, Ineza, Kiprono na mtoto, na Mutanu nyuma akibeba mfuko wa nepi. Shirleen alikuwa kwenye zamu. Alisimama kando ya nguzo ya kamera, akawaamkia. Lazare alivaa shati la kola, akashuka kwenye kimashua cha mpira, akapiga makasia mpaka mita moja kutoka mstari wa manjano. Hapo akasimama.

"Sogea tu, Dad," alisema Ineza. Lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili mbele ya watu tangu shule ya msingi, na hakuna aliyelitilia maanani, hata yeye mwenyewe.

"Siwezi kusogea. Nyinyi sogeeni mwisho."

Kiprono alimshika mkewe kiunoni kwa mikono miwili. Ineza akapiga goti juu ya mstari, akainama juu ya maji, akanyoosha mikono na mtoto ndani yake. Lazare alisimama kwenye kimashua, akampokea.

Alimnusa kichwani. Akakaa chini taratibu, akamlaza mapajani, akampima kwa mkono kama fundi, kutoka kisigino hadi utosini: shibiri mbili na vidole viwili. Akamtajia jina la baba yake na la mama yake, na la kijiji ambacho hakukiona tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Jerotich alifungua jicho moja. Upande wa kulia, watoto wa Dominica walikuwa wakiruka kutoka kwenye mwamba. Mutanu gatini alifungua mfuko wa nepi, akaufunga, akaufungua tena.

Mtoto alipoanza kulia kwa njaa Lazare alisimama akamrudisha. Ineza alimpakata, akarudi nyuma ya mstari.

Shirleen alikuwa ametoa kalamu.

"Wewe msichana, usiandike," alisema Mutanu. "Nakuomba kama mama yako."

"Aunty, kamera imeona mtoto ametoka. Nisipoandika chochote, mashine itasema ametoka na hajarudi. Wacha niandike amerudi." Akaandika: ametoka saa nne na dakika kumi na nne, amerudi saa nne na dakika kumi na nane. Kisha akaomba aonyeshwe mtoto, akamshika kidole.

Barua ilifika baada ya wiki tatu, kwa jina la Jerotich. Ilisema kuwa kuondoka kwake nchini bila pasipoti, na kurudi kwake, vilikuwa vikishughulikiwa. Asitoke tena mpaka uamuzi utakapotolewa. Alete cheti cha kuzaliwa, picha mbili, macho wazi na mdomo umefungwa, na maelezo ya sababu za safari kwa maneno yake mwenyewe.

Mutanu alichukua siku ya ruhusa kazini, akaenda ofisini akiwa amevaa suti yake ya mazishi. Alikaa kutoka saa tatu mpaka saa tisa. Ofisa aliyempokea alikuwa mpole, alimletea maji mara mbili. Alisema faili la mtoto limefunguliwa vizuri na halina kasoro yoyote. Lilikuwa kwenye meza.

"Meza gani?" Mutanu aliuliza.

"Ile ile ya babu yake," alisema ofisa, akifikiri kuwa hilo litamfariji.

Lazare aliposimuliwa, aliichomeka sindano kwenye tanga. Jioni alimpigia Shirleen simu.

"Binti yangu, ni mimi nilimpokea. Yeye hakusafiri, alibebwa. Waambie waandike jina langu, watoe lake."

Shirleen aliwaambia. Aliandika barua mbili na kwenda mwenyewe mara moja, saa ya chakula cha mchana. Jibu lilikuwa kwamba jina la Lazare tayari lina faili, na mtu mmoja hawezi kuwa na mafaili mawili. Baada ya hapo Shirleen aliomba ahamishiwe bandari nyingine. Aliendelea kuja gatini siku zake za mapumziko, bila sare, na kumsaidia Mutanu kubeba mitungi ya gesi.

Mashua ilipita Guadeloupe mwishoni mwa Septemba. Kimbunga kimoja kilipita kaskazini, bendera ya manjano ikachanika, na upande wa kushoto siku hiyo palikuwa pametulia, watu wakila samaki na chipsi. Katikati ya Oktoba walifika Antigua, mwisho wa mstari wa penseli. Walikaa siku tano. Cheryl aliletewa picha kwenye simu, akaitazama kwa miwani mbili.

"Sasa itarudi kusini," alisema. "Hakuna mahali pengine alipochora." Siku ya sita upande wa kulia ukawa Guadeloupe tena.

Ma Titine alipowaona wanarudi alikuja na mtumbwi wake. Alileta kitambaa cha madrasi chenye miraba myekundu na ya manjano, na Lazare akamshonea Jerotich gauni la shibiri mbili na vidole saba, akikisia. Mutanu alilipeleka Blacktown kwa treni. Lilimtosha.

Ineza hakuacha kuja. Kila Jumapili, ibada ikiisha, aliketi kwenye gati nyuma ya mstari wa manjano na mtoto mapajani, na Lazare alikuja na kimashua mpaka mita moja. Hapo palikuwa na mkondo wa maji uliovuta kuelekea kulia, mchana kutwa, haukuwa na nguvu nyingi lakini haukukoma. Kwa hiyo, ili abaki pale pale bila kusogea mbele wala kurudi nyuma, ilimbidi apige makasia muda wote. Alipiga nusu saa, wakati mwingine saa nzima, jasho likimtiririka ndani ya shati la kola, akimsemesha mjukuu wake bila kutweta. Mtoto aliyafuata makasia kwa macho, kushoto, kulia, akidhani babu yake anakuja.